Pesa za Wazee si Hisani ya Chifu

Kila mzee aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii nchini Kenya hutengewa Sh2,000 kwa mwezi. Si pesa nyingi. Kiasi hicho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi, na unga haujangoja. Lakini kwa nyanya anayelea wajukuu peke yake, hizo ndizo dawa za presha na nauli ya kwenda kliniki. Zinapokatika bila maelezo, huenda kwa chifu, akaambiwa jina lake halionekani kwenye mfumo, akarudi nyumbani akanyamaza. Mbele ya sheria, hilo si jibu.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali impe msaada wa kijamii mtu asiyeweza kujikimu pamoja na wanaomtegemea. Kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali pia. Kwa hivyo anayesimama kwenye dirisha la wakala hajaja kuomba. Amekuja kuchukua chake.

Masharti ya wazee ni machache: uwe Mkenya mwenye miaka 70 au zaidi, uwe na kitambulisho, usiwe unapokea pensheni ya Serikali wala fedha za mpango mwingine wa aina hii. Umaskini hauulizwi hapa. Kinachowakwaza wengi ni kwamba kufikisha 70 hakukuingizi kwenye orodha. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kupitia ofisi ya chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, na anayekosa awamu moja hungoja nyingine. Usajili ni bure. Akitokea mtu yeyote, awe mzee wa mtaa au karani, akitaka "chai" ili jina lipelekwe mbele, huo ni ufisadi na unaripotiwa.

Katiba yenyewe humhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Mpango unaanza 70. Miaka kumi katikati imeachwa wazi, na sioni utetezi wake, hasa kwa mama aliyelima maisha yake yote bila siku moja ya kuajiriwa. Lakini kuna mlango mmoja ambao familia nyingi hazijui. Inua Jamii ina tawi la watu wenye ulemavu mkali, yaani wale wanaohitaji mtu wa kuwahudumia wakati wote, na tawi hilo halina sharti la miaka 70. Baba wa miaka 64 aliyepigwa na kiharusi, asiyeweza kujilisha wala kujigeuza kitandani, anaweza kuombewa huko ikiwa familia ni maskini. Mpelekeni hospitali ya Serikali akafanyiwe tathmini, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apewe kadi. Kadi hiyo ina faida nyingine pia: mwenye ulemavu aliyeajiriwa anaweza kuitumia kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi. Msisahau kwamba sheria ya watu wenye ulemavu ni mpya. Ile ya 2003 iliondolewa na nyingine iliyotiwa saini Mei 2025, kwa hivyo afisa akikusomea ya zamani, mkumbushe.

Katika tawi hilo pesa huchukuliwa na mlezi, na hapo ndipo dhuluma hujificha. Mlezi ni mkono tu. Pesa ni za anayelala kitandani. Mlezi akizila, jamaa wanaweza kumtaka afisa wa maendeleo ya jamii ambadilishe. Vivyo hivyo, hakuna sheria inayomruhusu mwenye duka kukaa na kitambulisho cha mzee kama rehani ya sukari na sabuni, hata kama deni ni la kweli.

Sasa turudi kwa yule aliyekatiwa. Mara nyingi chanzo ni kidogo. Mkono uliochuma majani chai miaka arobaini umelainika hadi alama za vidole zimefutika. Wakala hupangusa kidole gumba kwa kitambaa, anakibandika tena kwenye mashine, na mashine inakataa. Au kitambulisho kina mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa na karani zamani, kinamfanya mzee wa miaka 74 aonekane ana 66. Au malipo yanapitia simu na laini imesajiliwa kwa jina la mjukuu. Yote haya yanarekebishika. La mwaka wa kuzaliwa hupelekwa ofisi ya usajili wa watu, si kwa wakala.

Chanzo kisipojulikana, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo mtu yeyote aliyeumizwa na uamuzi wa afisa wa umma. Sheria ya utawala wa haki ya 2015 inaongeza jambo zito: ofisi isipotoa sababu, na shauri likafika mahakamani, uamuzi huo utachukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu ya haki, hadi ofisi ithibitishe vinginevyo. Barua haihitaji wakili. Maneno haya yanatosha:

"Mimi ni mlengwa wa Inua Jamii. Sijalipwa tangu mwezi wa (taja). Naomba mnieleze kwa maandishi kwa nini malipo yamesimama, na nifanye nini ili yarudi."

Andika jina, nambari ya kitambulisho na tarehe, toa nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukitaka kujua jina liko kwenye orodha gani na lilipelekwa lini, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ina siku 21 za kujibu. Ombi laweza kuwa la Kiswahili. Na nyanya asiyejua kusoma, au asiyeona, hafukuzwi. Sheria inamtaka afisa amsikilize, aliandike ombi lake yeye mwenyewe, kisha ampe nakala. Nimeona maafisa wengi wema wasiojua kifungu hiki. Waambieni kwa adabu.

Nambari ya bure ya malalamiko ya Inua Jamii ni 1533. Ikishindikana hapo, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Malalamiko hupokewa bila ada, hata kwa mdomo. Ikiwa mzee amebaguliwa kwa umri au ulemavu, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa nayo ina wajibu wa kusikiliza.

Wewe mwenye mzazi kijijini, mpigie simu leo. Muulize mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake, laini yake ni ya jina la nani, na mara ya mwisho alilipwa lini. Kama hajalipwa, iandike ile barua kwa niaba yake, na uende naye kuipeleka.