Ugumu wa Vitu, na Sababu ya Vyombo Kulika

Mkulima wa Iringa ajua ya kuwa jembe lililonunuliwa likiwa pana, baada ya misimu kadha wa kadha hubaki kipande tu. Chuma kile kimekwenda wapi? Twajibu: kimeliwa na mchanga.

Mwaka 1812 mtaalamu Mjerumani, Friedrich Mohs, alipanga mawe kumi kwa daraja za ugumu, kila moja likiweza kukwaruza lililo chini yake. Almasi ndiyo ya kumi. Chuma cha pua cha kisu hukaa karibu na daraja ya sita. Kwatsi, yaani lile jiwe jeupe ambalo chembe zake zimejaa katika mchanga, ni ya saba. Basi shamba ni gumu kuliko jembe. Na huko Chunya mambo ni mazito zaidi, maana dhahabu ya Lupa mara nyingi imo katika mishipa ya kwatsi tupu, na tindo ya chuma hubutuka upesi.

Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson aliunguza udongo pamoja na makaa kwa nguvu ya umeme, akapata chembe zing'aazo zenye ugumu uliopita daraja ya tisa. Ndiyo silikoni kabidi. Siku hizi hufanywa kwa mchanga na makaa, na chembe zake hugandishwa pamoja kuwa mawe ya kunolea. Walimu na wawaonyeshe watoto ajabu hii: mchanga ule ule ulao jembe, ukiisha kuungana na makaa katika moto mkali, ndio unaolinoa.

Walakini ugumu si ushupavu. Chuma kikipigwa hupinda kidogo, na pigo likaishia hapo. Kabidi haijui kupinda. Ufa mdogo ukianza hukimbia mpaka upande wa pili, kama katika chungu. Kwa hiyo jiwe la kunolea ambalo lingedumu miaka mingi huharibika siku moja kwa kuangushwa sakafuni.

Mafundi wa Ujerumani walipata dawa ya jambo hili katika miaka ya 1920. Walichukua unga wa tungisteni kabidi wakauchanganya na madini ya kobalti, kisha wakauchoma mpaka kobalti ikashika chembe kama udongo ushikavyo mawe ya ukuta. Vipande vya namna hiyo hutiwa katika ncha za keekee zitoboazo majabali ili kupata visima. Kobalti ikizidi, ncha hustahimili pigo lakini hulika upesi. Ikipungua, haliki upesi lakini huvunjika. Hapana fundi awezaye kupata yote mawili kwa ukamilifu, nasi twamshuku muuzaji adaiye hivyo.

Tahadhari kubwa ni kwa lile jiwe la duara lizungushwalo na mashine. Likiwa na ufa hupasuka kwa kasi, na vipande vyake vyaweza kumtoa mtu jicho au kumwua. Mnunuzi wa vyungu vya Wakisi pale Matema hukigonga chungu kwa kidole asikilize. Fundi naye, kabla ya kulifunga jiwe, alitundike, aligonge polepole kwa mpini wa mti: likilia wazi ni zima, likitoa sauti iliyofifia, alitupe.