Barabara ikichimbwa, usitaje nauli mapema

Wauzaji wenzangu, nipo Zombo, kati ya Kilosa na Mikumi. Mzigo wangu kutoka Kariakoo basi la Iringa au Mbeya linaushusha Mikumi, au mtu anakuja nao na SGR mpaka Kilosa (tangu 2024 hiyo nayo ipo). Kote huko, kipande cha mwisho ni bodaboda.

Masika moja nilimwambia mteja "kesho unalo, nauli 5,000". Akalipa. Kumbe njiani kalavati linajengwa, mchepuko matope matupu. Boda akataka 12,000. Niliongeza mfukoni, na gauni likafika siku ya tatu, harusi imeshapita. Nikarudisha hela yote.

Sasa kabla ya kupokea oda namuuliza boda: mchepuko unapitika? Kifusi kimeshindiliwa? Maana watu wakiona greda wanafurahi, lakini kifusi kibichi kikinyeshewa ni kibaya kuliko barabara ya zamani. Kujua mkandarasi anaanza lini, nenda kwa mtendaji wa kata. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, kuu na za mkoa ni TANROADS, kwa hiyo ulizia ya kwako ni ipi.

Mteja namwandikia hivi: "Dada, gauni 35,000. Nauli nitakuthibitishia asubuhi ya kutuma, barabara inachimbwa. Shughuli yako ni lini?"

Hilo swali la mwisho usiliruke. Akisema keshokutwa na mvua inanyesha, mimi oda siichukui.