Mshauri Anayekuelewa: Namna ya Kumtafuta na Namna ya Kumtambua

Wanachuo wenzangu, mtu akisema hapa chuoni kwamba ana stresi, majibu huwa ni yaleyale: jikaze, utazoea, kaombewe. Siku hizi limeongezeka jingine: "Nenda kwa mshauri nasaha." Hili ni jibu zuri, ila limeishia njiani. Niende kwa mshauri yupi? Nitajuaje kama atanielewa mimi niliyelelewa na bibi, ninayefunga Ramadhani au ninayeimba kwaya, na ambaye nyumbani kwetu mtoto hamjibu baba?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwetu sisi wa kitivo cha elimu jambo hili linagusa mara mbili. Ni vijana wenyewe, halafu muda si mrefu tutakuwa walimu, na wanafunzi watatuletea mambo yao kabla hawajampelekea mtu mwingine yeyote.

Nani ni nani

Mshauri nasaha, au mnasihi, anakusikiliza na kukusaidia kupanga hatua. Mwanasaikolojia wa tiba amesomea kupima hali yako na kukutibu kwa mazungumzo. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyeongeza masomo, naye anaweza kukuandikia dawa. Kumwona huyu wa mwisho hakumaanishi wewe ni kichaa, kama vile kumwona daktari wa macho hakumaanishi wewe ni kipofu.

Kuelewa utamaduni ni nini?

Wengi tunadhani ni kumpata mtu wa kabila letu au dini yetu. Inasaidia, lakini haitoshi, na wakati mwingine ni kikwazo. Mshauri anayetoka kijijini kwenu anaweza kuwa anasali na baba yako mdogo. Hapo utamwambia nini?

Mshauri anayeelewa utamaduni ni yule anayekuuliza neno lako lina maana gani kabla hajalipa jina lake yeye. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kulikuwa na binti wa kidato cha tatu aliyekuwa akisema, "Madam, kichwa kinajaa, moyo unakwenda mbio." Alipelekwa zahanati mara mbili, akapimwa malaria, hana, akapewa dawa za maumivu. Mara ya tatu akakutana na muuguzi wa makamo aliyemuuliza, "Kichwa kinajaa nini, mwanangu?" Ndipo akaeleza: amehamishiwa kwa mjomba, hajui mama yake atarudi lini, na ana wiki kadhaa hapati usingizi. Swali lilikuwa la maneno matatu tu, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza, sisi walimu tukiwemo.

Sisi Waswahili tunasema "nina mawazo", na kila anayesikia anajua si fikra za kawaida. Wenzetu Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzia hapohapo. Mwaka 2005 alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua. Binti huyo alitakiwa kurudi hospitali lakini familia ilikosa nauli ya dola 15. Mwaka uliofuata, mjini Harare, Chibanda akaanza kuwafunza akina bibi waliokuwa wahudumu wa afya wa mitaani, wakaketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakuanza na majina ya kitabuni. Walianza na kuvhura pfungwa, kufungua mawazo, kisha mgonjwa akachagua tatizo moja la kushughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Zanzibar pia.

Kwa nini bibi? Kwa sababu hata kwetu kijana hakuzoea kumweleza baba mambo ya ndani. Alikwenda kwa bibi, shangazi, somo au kungwi. Mshauri mzuri anaijua njia hiyo, hata kama yeye mwenyewe ana shahada na ofisi.

Mambo matatu ya kumpima

*Familia.* Rafiki yangu wa mwaka wa tatu ni mtoto wa kwanza. Bumu likitoka, sehemu kubwa inakwenda nyumbani kwa ada ya wadogo zake, naye anabaki na mlo mmoja kwa siku. Mshauri wa kwanza alimwambia, "Hiyo pesa ni yako, waache wajitegemee." Hakurudi tena. Mzee mmoja wa kanisani akamwambia, "Jikaze, wewe sasa ndiye baba." Akazidi kukosa usingizi. Wa tatu, dada mmoja wa hospitali, alimuuliza, "Nyumbani wanajua bumu ni shilingi ngapi?" Hawakujua. Wakapanga namna ya kulifikisha kwa mama kupitia kwa mjomba, maana kwao mambo ya pesa hupitia kwa mjomba. Anaendelea kutuma, ila kiasi kinachojulikana, na anakula.

Ona tofauti. Wa kwanza alitaka kumtoa kwenye familia, wa pili akamzamisha humo. Wa tatu aliuliza kwanza familia ile inaendeshwaje.

*Dini na imani.* Ukisema unahisi umerogwa, au kwamba nyumbani wanasema ni majini, mshauri mzuri hacheki, wala haruki kukubali. Anauliza ilianza lini, nani alisema hivyo, na wewe unaonaje. Hakukatazi kuswali wala kuombewa. Lakini mtu yeyote, awe na kanzu, kola au koti jeupe, akikuambia uache dawa ulizoandikiwa bila kuzungumza na daktari wako, huyo mkimbie.

*Siri.* Vijana wengi wanaogopa hapa kuliko popote. Mshauri anapaswa kukueleza mapema nini kitabaki kati yenu na nini hakiwezi kubaki, mfano maisha yako yakiwa hatarini au mtoto akiwa anadhulumiwa. Anayesema "usiwe na wasiwasi" bila maelezo, muulize tena.

Maswali ya kuuliza siku ya kwanza

Uliza kwa heshima, ila uliza. Huna kosa.

1. Umesomea wapi kazi hii, na umewahi kufanya kazi na vijana wa umri wangu?
2. Nikikuambia jambo la nyumbani, nani mwingine atalijua?
3. Naweza kuzungumza Kiswahili, au lugha ya kwetu, pale Kiingereza kinaponishinda?
4. Nikitaka kumshirikisha shangazi, au nikitaka asijue kabisa, utanisaidiaje?
5. Tutakutana mara ngapi na nitalipa kiasi gani? Bima yangu inakubalika?

Kisha jisikilize ukitoka. Kulia si dalili mbaya. Dalili mbaya ni kama alizungumza yeye muda wote, alikuhubiria, au uliona aibu kwa jinsi ulivyolelewa. Mpe nafasi ya kukutana mara mbili au tatu, ikishindikana omba kubadilishiwa. Hilo halimvunjii mtu heshima.

Pa kuanzia

Anza na ofisi ya mshauri wa wanafunzi hapahapa chuoni, au kituo cha afya cha chuo, uombe rufaa. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Kwa Dar es Salaam ipo Muhimbili, na Dodoma ipo Mirembe. Kwa wadogo zetu walio chini ya miaka 18 kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, na kupiga ni bure.

Nisisitize jambo moja. Kama wewe au mwenzako mnawaza kujiua, maswali yote hayo yasubiri. Usimtafute mshauri anayekufaa, tafuta mtu yeyote wa afya aliye karibu, nendeni wawili, na usimwache mwenzako peke yake chumbani hata kama amesema ameshatulia.

Na kwa wenzangu tunaokwenda kufundisha: hatutakuwa wanasaikolojia, na tusijifanye. Lakini mtoto akija na kichwa kinachojaa, tunaweza kumuuliza kinajaa nini, tukanyamaza akijibu, kisha tukajua ni nani wa kumpeleka kwake. Kabla hujaripoti kituo chako cha kazi, tafuta jina la huyo mtu katika wilaya unayokwenda na uliandike kwenye daftari lako.