Maradhi ya Sonona na Dawa Yake

Watu wengi wa Kenya wakisikia habari za maradhi ya akili huwaza Mathari, hospitali iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, na mtu asemaye peke yake njiani. Lakini sonona, iliyoenea sana, hukaa kimya. Mtu hapati usingizi, chakula hakimwendi, kazi aliyoipenda haimpendezi tena, na hali hiyo hudumu majuma mawili au zaidi. Jamaa humwita mvivu. Wengine husema amerogwa.

Sonona hutibika, kwa mazungumzo na mtaalamu aliyefundishwa kazi hiyo, au kwa vidonge, au kwa vyote viwili. Lakini jihadharini na jambo moja. Vidonge hivi si kama aspirini: aghalabu hukawia majuma mawili hata manne kabla ya kuleta nafuu, na kichefuchefu huweza kutangulia. Hapo ndipo wengi huvitupa. Hata apataye nafuu asiviache ghafula. Huendelea navyo miezi 6 au zaidi, kisha daktari humpunguzia kidogo kidogo.

Mgonjwa akisema afadhali kufa, msimkemee wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile.