Kalitazame kwanza daftari la mama wa chai

Shangazi. Mimi ni fundi cherehani wa miaka 32. Nina kibanda hapa Rodi Kopany, pale barabara ya Homa Bay inapokutana na ile ya Rongo na ile inayoelekea Ndhiwa hadi Sori. Nashona sare za shule. Nina cherehani mbili, ovaloki moja, na kijana mmoja ninayemlipa kwa kila nguo.

Kazi hii nimeifanya miaka tisa. Januari napumua, shule zikifungua muhula wa pili na wa tatu napata kidogo, miezi mingine ni viraka na kupunguza suruali za wazee. Mwaka 2020 shule zilipofungwa nilishona barakoa, ndipo tukala. Kuna shule moja ya karibu ambayo naidai shilingi 38,000 tangu mwaka jana. Nikiuliza naambiwa pesa za serikali hazijafika.

Binamu yangu yuko Osiri, Nyatike, kwenye dhahabu. Miezi minane iliyopita alikuwa wa bodaboda hapa hapa, leo ana Probox na nyumba ya mamake ameiezeka mabati. Anasema kuna shimo limefika karibu na mwamba wa dhahabu, wanatafuta mtu wa kutoa 150,000 za mbao na pampu ya maji, naye apate robo ya kila gunia litakalotoka. Anasema dhahabu haijui Januari wala Novemba. Kweli bei ya dhahabu naisikia redioni ikipanda. Nina akiba ya 60,000 kwenye sacco, naweza kukopa mara tatu yake. Wadhamini ninao: mwalimu mmoja rafiki yangu, na shemeji yangu anayeuza samaki Homa Bay. Binamu amenipa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi hii ya dhahabu atapewa mwingine.

Nawaza niuze cherehani moja, nifunge kibanda, nihamie huko. Mke wangu hataki kusikia, na ana mimba ya miezi mitano. Nishauri.

Njia Panda, Rodi Kopany

* * *

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Dhahabu umeiandika mara tano. Mkeo umemtaja mara moja, mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka kwamba hakuzima jiko akiwa ameshapanda matatu. Nitarudi kwake.

Sitakuambia uinamie cherehani hadi uzeeke. Watu huacha kazi na mambo yakawanyookea. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilimtunuku mkulima wa Migori, Bi Sprina Robi Chacha, aliyeacha tumbaku akapanda maharagwe, kisha akawafundisha wenzake kufanya hivyo. Wengi husimulia habari ile kwa sababu ya tuzo. Mimi kilichonivutia ni kitu kidogo ndani yake: mradi ule ulikuwa na mnunuzi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwamo, tayari kununua mazao. Mkulima aling'oa tumbaku akijua gunia la maharagwe litapelekwa kwa nani. Haya, wewe unajua nini kuhusu shimo la Osiri? Unajua kwamba limefika "karibu". Karibu ni futi ngapi? Nani alipima, na alipima na nini?

Hapo hapo Nyatike pana Macalder. Enzi za mkoloni palichimbwa shaba na dhahabu kwa mitambo, kukiwa na wahandisi waliosomea kazi hiyo. Mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Dhahabu haikuisha, maana watu wanaitoa hadi leo. Lakini wenye mitambo na vyeti walifika mahali hesabu ikawakatalia, wakafunga virago. Binamu yako ana nini ambacho wale hawakuwa nacho? Ana Probox.

Hiyo Probox tuizungumze. Umeiona kwa sababu imekuja Rodi mchana ikipiga honi. Aliyekosa huko machimboni haji hivyo. Anarudi na matatu ya jioni, anashuka kabla ya stendi, anapita nyuma ya maduka asikutane na anayemdai. Kesho yake utamwona kwenye shamba la babake na jembe, hamtaongea habari za Osiri. Basi ukikaa kibandani ukahesabu waliotoka kwenu wakaenda kuchimba, utawakumbuka wenye magari tu, na utaamini kila anayeenda hupata. Chukua karatasi uandike majina yote, hata ya wale wa jembe. Kisha uliza taratibu, bila kejeli, kama Probox yenyewe imelipiwa yote au kuna mtu anaisubiri kila mwisho wa mwezi.

Nakuambia haya nikiwa nimeungua. Yapata miaka kumi na miwili sasa, rafiki yangu alijenga nyumba nzuri Mbita kwa pesa za omena. Nikaingiwa na moto. Nikachanga na jamaa yangu mmoja tukanunua mashua, nyavu na taa. Niliwauliza watu watatu: usiku mmoja inaingiza ngapi? Wote walinijibu vizuri, na hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza hata mmoja: ni miezi mingapi haiingizi kitu? Tulinunua Machi. Aprili omena wakafungwa ili wazaliane, na hufungwa hadi Julai. Miezi minne mashua ilikaa ufuoni imefunikwa majani ya migomba, nami nalipa mkopo kutoka kwenye mshahara. Walipofunguliwa nikajifunza na jingine ambalo kila mtoto wa Mbita analijua, kwamba mbalamwezi ikiwaka omena hawafuati taa. Kwa hiyo hata mwezi ulio wazi una usiku wake wa njaa. Tuliiuza kwa nusu bei. Jamaa yangu na mimi sasa tunasalimiana vizuri, lakini ilichukua muda.

Binamu yako anasema dhahabu haijui Januari wala Novemba. Mvua je, haijui? Masika yakianza shimo hujaa maji na kuta hulegea. Ndiyo maana anataka pampu. Pampu inakunywa mafuta usiku kucha, na mafuta hayo hayamo katika ile 150,000. Na wewe hukuahidiwa dhahabu. Umeahidiwa robo ya gunia, na gunia ni mawe. Mawe hayo yatasagwa kwenye mashine ya mtu anayelipwa, yaoshwe juu ya zulia, yachanganywe na zebaki, yachomwe, ndipo mtaona kama mna kitu au mna mchanga. Mwenye shamba ana fungu lake, wachimbaji wana lao. Robo yako inakatwa kabla ya gharama au baada? Imeandikwa wapi? Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na inawataka wawe na kibali. Muombe akuonyeshe kibali, na karatasi aliyotia sahihi mwenye shamba. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshajibiwa.

Kisha nenda Osiri mwenyewe. Usiende na binamu, atakupeleka kwa marafiki zake. Nenda siku tatu, acha pesa nyumbani, beba nauli na ya chakula. Tafuta kibanda cha mama anayewapikia wachimbaji chai na ugali. Kila machimbo yana mama huyo. Kula kwake asubuhi, kula kwake jioni, msaidie hata kuchota maji. Siku ya pili muulize biashara ikoje. Atatoa daftari lake la madeni kutoka chini ya meza, kwa sababu hakuna mtu anayependa kuonyesha daftari la madeni kama yule asiyelipwa. Ndani yake utaona nani hula kwa mkopo tangu lini, shimo gani wachimbaji wake hulipa Jumamosi, na shimo gani wachimbaji wake huhama usiku. Huyo mama hauzi hisa. Hana sababu ya kukudanganya kuhusu shimo la binamu yako, na pengine binamu mwenyewe ana ukurasa humo.

Ukirudi bado unataka, sitakufunga kamba. Lakini sacco usiiguse. Mkopo wa sacco, mwanangu, ni pesa za wadhamini zikiwa zimevaa jina lako. Shimo likitoa maji tu, wewe utasema ni bahati mbaya. Mwalimu akiba yake itakatwa, na shemeji aliyeamka saa kumi usiku kuwahi samaki ufuoni Homa Bay atalipa kwa mbao zilizooza chini ya ardhi ya Nyatike ambako hajawahi kufika. Je, umewaambia mkopo ni wa nini, au umewaambia ni wa kupanua kazi? Usinijibu mimi, wajibu wao. Kama una kiasi ambacho kikipotea leo kesho bado mtapika, sema 10,000 au 15,000, hicho kiweke, uone kwa miezi sita kama robo ya gunia ina uzito. Ukiambiwa kiasi hicho hakitoshi kuingia, basi mchezo huo ni wa watu wenye mifuko ya kupoteza.

Cherehani usiuze. Kibanda ukikifunga, wateja wa miaka tisa watahamia kwa jirani ndani ya muhula mmoja, na cherehani utakayonunua tena haitakuwa ile unayoijua kilema chake. Pesa iliyopotea huweza kurudi polepole. Jina la fundi wa Rodi ambaye sare zake hazifumuki ukilitupa, hulipati kwa mkopo. Na kuna vitu visivyorudi hata polepole. Desemba 2021 mgodi wa Abimbo, kule Bondo, uliwafukia wachimbaji, na msako wa mwili wa mmoja wao ulikwenda miezi. Hao nao huenda waliambiwa mwamba uko karibu.

Sasa mkeo. Umeandika kwamba hataki kusikia, kana kwamba ni tatizo la masikio. Je, umekaa naye chini ukamuuliza anaogopa nini hasa? Huenda anajua jambo. Wanawake husikia habari za machimbo kisimani na kliniki kabla hazijafika kwenye vibanda vya mafundi. Na hata kama hajui lolote, ana haki ya kuuliza mtoto atazaliwa baba akiwa wapi. Jambo moja nakuomba ulishike bila ubishi: zebaki. Moshi wake unapochomwa hauna rangi ya kukutisha, huingia mwilini na kwenye nguo, nayo humdhuru mtoto aliye tumboni. Hata ukienda kutembea tu, usikae karibu na wanaochoma, na nguo ulizovaa huko usimletee mke mjamzito azifue. Kuhusu kuhamia huko pamoja naye, sioni la kujadili.

Nimebaki na kitu kimoja, nacho ndicho kilichonifanya niichague barua yako kati ya nyingi. Wewe unasema umechoka na cherehani. Mimi nikisoma naona mtu aliyechoka kutolipwa. Umeshona, umepiga pasi, umepeleka, watoto wamevaa, wengine sare zimeshawabana, na 38,000 yako iko katika ofisi ya mtu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya akiba yako yote ya sacco. Unataka kusafiri hadi Nyatike kutafuta pesa chini ya ardhi na kuna zako zimelala juu ya ardhi, mwendo wa bodaboda.

Andika ankara upya, safi, yenye tarehe uliyopeleka mzigo na sahihi ya aliyepokea. Kama hukuchukua sahihi, hilo ndilo la kurekebisha kabla ya Januari. Omba ulipwe kwa mafungu, hata elfu tano tano, na tarehe ziandikwe. Nakala moja mpe mwenyekiti wa bodi ya shule. Oda mpya ya shule yoyote usiikatie kitambaa kabla ya kupokea nusu. Watalalamika. Wawili watakwenda kwa fundi mwingine, naye ataanza kuwadai. Na hiyo miezi ya viraka, ovaloki inakaa bure. Makanisa ya huko kwenu yana kwaya, kwaya zina majoho, na kwaya haifungwi Aprili.

Binamu amekupa hadi mwisho wa mwezi. Mwambie utamjibu baada ya mwezi huo kuisha, uone atasema nini. Wewe una siku tatu za kwenda Osiri na jioni moja ya kukaa na mkeo, uanze na hiyo jioni. Ankara nayo ipeleke mwenyewe, usimtume kijana. Walimu wakuu wengi Jumatatu huwa ofisini kabla ya gwaride. Fika saa moja kasoro robo.