Buibui Mrukaji Apataje Jina?

Swali: Bwana Mhariri, ukutani kwangu hapa Kasaji yuko buibui arukaye kama paka, nitajuaje kwamba hajapata jina? — Msomaji, Kasaji

Jibu: Ndugu msomaji, rangi zisikughuri, kwani wataalamu, kabla ya kumpa jina, huvichunguza kwa hadubini viungo vyake vya uzazi, wakavilinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa katika makumbusho kama yale ya Tervuren, Ubelgiji. Ndivyo wataalamu wa buibui Wesołowska na Jackson walivyouarifu ulimwengu, mwaka 2003, habari za mrukaji Evarcha culicivora wa Mbita, Kenya, apendaye mbu walioshiba damu (laiti kila nyumba ingekuwa naye!). Basi watie buibui wako, dume na jike, katika spiriti, pamoja na kikaratasi cha mahali na tarehe, kilichoandikwa kwa penseli, maana wino mwingi huyeyuka humo.