SOMO LA MWEZI HUU: KUCHAGUA REDIO YA KUSIKILIZIA TAHADHARI ZA HALI YA HEWA



Imetufikia barua kutoka Kisondela, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Aliyeiandika ni kijana wa mwanachama mwenzetu, ambaye anasomesha huko upande wa Tukuyu. Ndugu yake aliyeko Marekani amempelekea redio ndogo ya mkononi, iliyoandikwa kuwa ni redio ya tahadhari ya hali ya hewa. Redio hiyo yasema vizuri katika FM, lakini akibonyeza kifungo chenye herufi WB hasikii ila mvumo mtupu, usiku na mchana. Auliza kama imeharibika, maana ataka kumnunulia mzee wake nyingine kama hiyo huku kisiwani. Tumeona jawabu lake latufaa sote.

Redio haikuharibika. Huko Marekani idara ya serikali iitwayo NOAA ina mitambo yake inayotangaza habari za hali ya hewa tu, saa zote, katika masafa saba yaliyo baina ya 162.400 na 162.550 MHz. Hatari ikikaribia, mitambo hiyo hupeleka alama maalumu, na redio iliyo kimya mezani ikapiga kelele yenyewe kumwamsha mwenye nyumba. Kwetu Tanzania, Bara na Visiwani, mitambo ya namna hiyo haipo. Basi kifungo kile hapa ni pambo tu.

Jambo hili si dogo. Asiye na redio hutazama mbingu na kumwuliza jirani. Lakini mwenye kuitumainia redio ambayo haiwezi kumwamsha, huyo hulala usingizi wa raha, na maji yakamkuta kitandani.

SISI NA TUFANI

Wazee wetu walitusimulia habari za tufani ya tarehe 15 Aprili 1872. Iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Siku zile hapakuwa na wa kuwaonya watu. Lakini mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa bado baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, ilikwisha kutangaza njia yake. Kilifika karibu na Mafia tarehe 4 Mei. Tofauti ya miaka hii miwili ni habari kufika mapema, na habari haina faida ila kwa aliyeisikia.

TMA hutoa maonyo yake kwa daraja tatu. Ya kwanza ni angalizo, na rangi yake ni njano. Ya pili ni tahadhari, rangi ya chungwa. Ya tatu ni tahadhari kubwa, rangi nyekundu. Katika redio rangi hazionekani, kwa hiyo sharti tuyajue maneno yenyewe. Maonyo hayo husomwa katika stesheni za kawaida, kama TBC na ZBC, na katika stesheni nyingi za FM za mikoani. Redio tunayoitaka basi ni ile inayoshika stesheni hizo vizuri, hata siku mbaya.

MAMBO YA KUTAZAMA UNAPONUNUA

1. Mawimbi. Mawimbi ya FM huenda aghalabu kwa kunyoka, na mlima huyazuia. Kwa hiyo huko Kisondela, nchi ya milima na mabonde, nyumba iliyo bondeni yaweza kukosa stesheni ambayo jirani aliye kilimani anaisikia wazi. Mawimbi ya kati, yaani AM, hufuata ardhi, na usiku hufika mbali zaidi. Tena yana faida nyingine: radi ikiwa karibu, AM hukwaruza kwa kila umeme unaopiga, na hilo peke yake ni onyo. Chagueni redio yenye FM na AM pamoja. Kabla ya kulipa, mwombeni mwenye duka muijaribu nyumbani, ndani ya chumba, saa ya taarifa ya habari.

2. Nguvu yake. Hapana budi redio iweze kusema bila umeme wa waya. Wanachama wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani kadiri ya mwezi mmoja, wala kile kiza cha kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Ziko redio za mawe, za jua, na za kuzungusha mkono. Ile ya kuzungusha inafaa siku mawe yamekwisha, lakini dakika chache za kuzungusha hutoa muda mfupi tu wa kusikiliza, na betri iliyofungwa ndani hupungua nguvu kila mwaka. Iliyo bora ni ile inayopokea na mawe ya kawaida yanayouzwa katika kila duka la kijijini.

3. Uimara. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma. Redio ya akiba isiwekwe na mawe ndani, maana yakivuja huiharibu. Iwekeni pamoja na mawe yake katika mfuko wa plastiki au kopo kavu, mahali panapojulikana na kila mtu wa nyumbani, watoto pia. Vifungo viwe vikubwa, vya kupapasika gizani.

4. Nyongeza. Tochi ni nzuri, na tundu la kuchajia simu ni zuri. Lakini msiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya herufi WB.

KAZI YA MWENYE REDIO

Kwa kuwa redio zetu hazituamshi zenyewe, hapana budi sisi tuamke. Twashauri kila nyumba isikilize taarifa ya asubuhi na ya usiku. Wakati wa kuchuma, kila dago liwe na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, na mwingine wa kumshikia zamu. Akisikia onyo la mvua kubwa, awaarifu wenzake mara moja: karafuu zilizoanikwa zikusanywe majamvini na kufunikwa kabla hazijarowa, kwani zikirowa huvunda na bei huanguka. Akisikia la upepo, pasiwe na mtu wa kupanda mkarafuu, wala wa kuvuka bahari kwa mashua. Na kwa wenzetu wa milimani, nyumba iliyo ukingoni mwa mto au chini ya mteremko mkali ihamwe kungali mchana.

Jirani asiye na redio ana haki ya kuambiwa. Redio moja iliyo katika mikono ya mtu mwaminifu yatosha kijiji kizima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kifungo cha WB hakina kazi kwetu?
2. Taja daraja tatu za maonyo ya TMA, kuanzia dogo.
3. Nyumbani kwako, ni stesheni gani inayosikika vizuri chumbani usiku?
4. Nani katika dago lako atasikiliza, na atawaarifu wenzake kwa njia gani?

Mwanachama asiyeweza kujibu swali la tatu na ajaribu usiku wa leo, mbingu zikiwa bado safi.

Wasalaam,
Katibu